Kofia ya Boldo na Vidonge vya Osang

Mwanamke aliyeketi chini ya draya ya saluni hutoa siri zake kwa sauti ya mnadi, kwa kuwa yeye mwenyewe hajisikii na anadhani wenzake nao hawamsikii. Leovigildo Sarrosa, ambaye mji wa Bacolod ulimwita Boldo, aliijua kanuni hiyo vizuri. Alikuwa ametengeneza draya za watu kwa miaka kumi na miwili, na kwa miaka hiyo yote, akiwa amepiga magoti nyuma ya viti na bisibisi mdomoni, alijifunza nani kaachwa, nani kaoa kwa siri, na meno ya nani hulala ndani ya glasi. Elimu yote hiyo aliipata bila ada.

Jumanne moja ya Juni alikuwa magotini vivyo hivyo, na vitini mbele yake walikuwa wameketi wake wawili wa wenye mashamba ya miwa.

"Dada yangu amepona kwa sumaku!" mmoja alipiga kelele. "Wanamwekea kichwani, tak-tak-tak, kila siku, wiki sita! Huko Manila! Sasa anacheza hadi vikaoni!"

"Sumaku?" mwenzake akajibu kwa kelele zaidi. "Kichwa changu nikitie kwenye mashine kama nguo chafu? Mimi vidonge vya daktari vimenitosha! Mwezi wa kwanza nilitapika, wa pili nikaanza kulala kama gogo!"

"Na kunenepa kama gogo!"

"Bora kunenepa na kucheka kuliko kukonda na kulia, Inday, shoga yangu!"

Saluni nzima ikagawanyika. Msafisha kucha akawa upande wa vidonge, mfagiaji akawa upande wa sumaku. Haikupita robo saa, nusu ya wateja walikuwa wamekiri kwamba hawalali, au wanalia bila kufiwa, au moyo unawaenda mbio wakiwa wamekaa kitako. Na mashine ya sumaku ya karibu ilikuwa ng'ambo ya bahari, mwendo wa ndege.

Boldo alitoa bisibisi mdomoni polepole. Wengine walikuwa wamesikia ugonjwa. Yeye alisikia soko.

"Hii draya imekufa kabisa, mama," alimwambia mwenye saluni kwa huzuni ya mchungaji mazikoni. "Na zile mbili za stoo nazo hazina maisha. Zinaweza kuwasha moto. Nikusaidie kuzitupa?"

Mwenye saluni akamshukuru, akampa na nauli.

Jioni hiyo alikutana na Osang kwenye vibanda vya kuku wa kuchoma. Rosario Dimzon, ndiye huyo Osang, aliwahi kuwa mkewe kwa miezi kumi na moja na mshirika wake kwa miaka tisa. Ndoa iliwashinda kwa sababu kila mmoja alikuwa akimwibia mwenzake. Ushirika ulidumu kwa sababu hiyo hiyo: hakuna aliyetaka kuondoka akiwa amezidiwa. Msimu huo alikuwa akiuza sabuni ya kung'arisha viwiko, na viwiko vya mji vilikuwa vimekataa kung'aa.

"Nafungua kituo cha kofia ya sumaku," Boldo alisema, akichovya kuku kwenye siki. "Ya kutuliza ubongo."

"Na mimi nifanye nini? Nishike taulo?"

"Wewe utanipinga. Utafungua duka la vidonge vya neva, mlango kwa mlango na mimi. Utaniita mchoma watu bongo. Mimi nitakuita muuza chaki."

Osang alilamba kidole, akafikiri. "Wanaokata tamaa na kofia yako wanavuka kuja kwangu."

"Na wanaokata tamaa na vidonge vyako wanavuka kuja kwangu."

"Na hakuna anayetoka nje ya ukumbi."

"Unaona sasa kwa nini nilikuoa?"

"Uliniambia una shamba la ng'ombe, Boldo."

Walipanga vyumba viwili vinavyotazamana, ghorofani juu ya duka la mikate. Boldo alizipaka draya rangi nyeupe, akazitia taa ya bluu na sumaku za spika mbovu, na ndani yake akafunga saa ya mashine ya kufulia iliyolia tak-tak-tak kwa uaminifu mkubwa. Alivaa koti jeupe la mchinja nguruwe, likiwa limefuliwa mara tatu. Hakujiita daktari, kwa kuwa sheria ilikataza, na Boldo aliiheshimu sheria yoyote yenye meno. Alijiita Mtaalamu. Osang kwa upande wake alisaga majani ya mlonge, akayashindilia kwenye vidonge vya ganda la kijani, akaviita Tulizo.

Jumamosi asubuhi walikwenda redioni kugombana.

"Kidonge," Boldo alisema kwa ile sauti yake ya Bacolod iliyolainika kama sukari ya moto, "ni kufurikisha maji nyumba nzima eti kikombe kimoja kina vumbi! Kinapita tumboni, kinapita kwenye ini, mpaka kikifika kichwani kimechoka. Kofia inakwenda pale pale. Vidonge ni chokaa ya kaburi, ndugu wasikilizaji."

"Kichwa si betri ya gari!" Osang akafoka. "Mtu mwenye akili timamu hatiwi chaji. Na mwenye sonona usimtishe kwa mashine, mpe kitu ameze na maji, alale kwake!"

Kufika Jumatatu, ngazi zilikuwa zimejaa watu. Boldo na Osang walipigana mikwara mbele ya wateja, wakatupiana viatu mara mbili, na jioni wakagawana mapato wakiwa wamekunja miguu sakafuni, kila mmoja akitazama mikono ya mwenzake. La ajabu ni kwamba wengine walipata nafuu. Mama wa watoto saba aliketi dakika arobaini chini ya kofia, akalala fofofo, akaamka akimbusu Boldo mikono. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi kukaa mahali ambapo hakuna mtu wa kumwambia lete maji. Boldo hakuona haja ya kubishana na matokeo.

Ndipo akaja Donya Visitacion Arnibal, na Donya huitwa bibi wa nyumba ya kitajiri tu.

Alipanda ngazi kwa mwavuli wa hariri, gauni la kizamani la nyuzi za nanasi, glavu zenye harufu ya kafuri. Umri wake ulikuwa sabini hivi, na mgongo ulikuwa umenyooka kama rula. Boldo aliliona gauni kabla hajamwona mtu, na alivuta kiti kwa mikono miwili.

"Sumaku yako inapiga upande gani wa kichwa?" aliuliza yule mama. "Kushoto au kulia?"

"Pande zote, Donya. Hapa hatubagui."

Alicheka kidogo, kicheko kilichoishia puani. Kisha akaketi, na akaeleza hali yake bila kumtazama.

"Nina miaka tisa na ugonjwa huu. Kidonge cha kwanza kilinilaza mchana kutwa. Cha pili kikaninyima usingizi kabisa. Cha tatu kilinishika mkono miaka miwili, nikacheka, nikala, nikatembelea watu, halafu nacho kikanichoka. Nikiamka asubuhi kitanda kinanishika kama tope. Najua jua limetoka, lakini naliona kama jua la watu wengine."

Kabla Boldo hajatunga jibu, yule mama alitoa chupa kwenye mkoba, akaenda kwenye sinki, akaimimina yote.

"Basi," alisema. "Umesema redioni ni chokaa ya kaburi."

Kwa kawaida hapa ndipo Boldo angepiga makofi. Badala yake alikimbilia sinki, akaikuta chupa tupu.

"Donya, ngoja, usiache ghafla. Mtu harukii chini gari likiwa linakwenda. Vidonge vya namna hiyo vinapunguzwa pole pole. Muulize kwanza daktari wako."

"Daktari? Hukusema redioni kwamba wote wanaotoa vidonge ni wauza chaki?"

"Nilisema. Lakini wewe muulize tu."

Aliisikia sauti yake mwenyewe na hakuitambua. Ili awe tena Boldo, alimtoza yule mama bei mara mbili.

Juma lililofuata Donya Visitacion alirudi, akawaita wote wawili ukumbini, Boldo na Osang.

"Nimechoshwa na ubishi wenu," alisema. "Marehemu mume wangu aliacha mfuko wa kusaidia wagonjwa wa neva, na ile nyumba yetu kubwa ya mji wa Silay ipo tupu. Tulinganishe kwa haki. Nitachukua wanawake kumi wa shambani niwatie kofia, na kumi wengine niwape vidonge. Wiki sita. Nitawauliza mwenyewe kila juma: wamelala? Wamekula? Wamelia? Atakayeshinda anapata nyumba na mfuko, afungue hospitali yake."

Osang alikohoa. Nyumba ya Silay ilikuwa na nguzo ishirini na bustani ya kupotelea mtoto. Kila aliyepita barabara ile aliijua.

"Ila," yule mama akaendelea, "wakili wangu anataka kila mmoja aweke dhamana. Mji umejaa matapeli."

"Matapeli!" Boldo alishika kifua.

"Wengi tu, mwanangu. Ukiwaona huwezi kuwajua."

"Watu hawana Mungu," Osang alisema kwa uchungu.

Ndugu msikilizaji, Boldo mwenyewe alikuwa amewahi kula dhamana za watu. Aliwahi kuwauzia mabaharia kumi na wawili nafasi za kazi kwenye meli isiyokuwepo, na kila mmoja aliweka dhamana akitabasamu. Lakini mchinja kuku haoni kuwa naye ana shingo. Usiku ule hakuhesabu chochote isipokuwa nguzo.

Kesho yake waliweka dhamana, karibu akiba yao yote, kisha wakakubaliana, yeye na Osang, kwamba kofia ishinde na nyumba wagawane nusu kwa nusu. Walishikana mikono na kutazamana machoni kwa unyofu mkubwa. Kisha Boldo akapitia duka la mikate, akanunua boksi la keki za napoleon, akaweka bahasha ya pesa chini ya keki, akaenda kumwona Donya peke yake kwenye baraza la kanisa.

"Si rushwa," alisema. "Ni sadaka ya mayatima wowote unaowasaidia. Nilitaka tu ujue, vile vidonge ni mlonge mtupu."

Yule mama aliifungua, akachungulia, akaguna. "Nakushukuru kwa niaba ya mayatima. Lakini mwenzako usimwambie, atajisikia vibaya."

Boldo alitoka akipiga mluzi. Hakujua kwamba saa moja kabla yake Osang alikuwa amesimama kwenye baraza lile lile, na boksi la duka lile lile, akieleza kwamba zile kofia ni za kukaushia nywele.

Wiki zikaanza. Kofia mbili zilipelekwa Silay kwa gari la miwa, pamoja na katoni za Tulizo. Kila Ijumaa Donya alisoma matokeo kutoka kwenye daftari lenye jalada la ngozi. Juma la kwanza: kofia, sita wamelala; vidonge, watano. Boldo akachekelea. Juma la pili: kofia, wanne, vidonge, wanane. Boldo akakimbilia kwenye keki. Juma la tatu kofia zikapanda, na Osang akaonekana akiuza pete zake. Mayatima wa Donya Visitacion walikula napoleon nyingi msimu ule kuliko wana wa magavana.

Ikafikia hatua Boldo akaanza kuugua kweli. Alfajiri ilimkuta macho kodo, moyo ukidunda kama mtu anayegonga mlango kwa hasira. Vidole vilimtetemeka akishika kijiko. Mchana mmoja, wateja walipokwenda kula, aliazima kofia ya mwisho iliyobaki kituoni, akaketi chini yake dakika arobaini nzima, tak-tak-tak. Aliamka na masikio ya moto. Akavuka ukumbi Osang akiwa hayupo, akameza Tulizo tatu. Jibu lake alilipata chooni.

"Una nini wewe?" Osang alimuuliza jioni. "Umekuwa kama kuku aliyesikia kisu."

"Sina kitu. Na wewe, mbona unang'ata kucha?"

"Mimi? Nazisafisha."

Juma la sita kila mmoja alipokea bahasha. Ya Boldo ilikuwa na ufunguo mkubwa wa shaba na mistari miwili ya mwandiko mzuri: Umeshinda. Njoo Silay Jumamosi saa tatu asubuhi, na usimwambie mwenzako, nitamfariji mwenyewe.

Alivaa suti ya harusi yake. Alipofika kwenye geti la nyumba yenye nguzo ishirini alimkuta Osang, na gauni la harusi ile ile lililofupishwa, na ufunguo wa shaba mkononi.

Boldo aliutazama ufunguo wa Osang, kisha wake.

"Unatafuta nini hapa?" Boldo aliuliza.

"Nakuja kukupongeza. Na wewe?"

"Nakuja kukufariji."

"Kwa ufunguo?"

"Osang, tulikubaliana nusu kwa nusu!"

"Ndiyo. Nusu yangu ilikuwa ya juu na ya chini. Ulimpelekea keki?"

"Nani? Mimi?" Boldo alianza, kisha akaona hana nguvu ya kumalizia. "Maboksi tisa."

"Kumi na moja," Osang alisema kwa sauti ndogo.

Funguo hazikuwa na kazi, maana geti lilikuwa wazi. Ndani, vijana walikuwa wakisimamisha mahema, wanawake wakifunga utepe kwenye viti, na uani nguruwe mzima alikuwa akizungushwa juu ya makaa. Mlinzi mzee, Manong Porfirio, yaani kaka Porfirio, aliwakaribisha akidhani ni wageni wa arusi waliowahi.

"Donya Visitacion yuko wapi?" Boldo aliuliza.

"Donya?" Mzee alikuna kichwa. "Donya wa nyumba hii alifariki mwaka wa kile kimbunga, na wanawe wanaikodisha kwa arusi. Labda unamsema Manang Vising, yaani dada Visitacion, mshonaji. Amemshonea Donya miaka arobaini, akaachiwa chumba cha nyuma na sanduku la magauni. Wewe humwoni leo. Ameondoka Jumatano kwa ndege."

"Ndege ya wapi?" Osang aliuliza.

"Manila. Maskini, ameteseka sana yule dada. Kuna siku hanyanyuki kitandani mpaka mke wangu amnyweshe uji. Madaktari wamembadilishia vidonge hivi na vile, wakamwambia kilichobaki ni mashine ya sumaku, kila siku kwa wiki sita. Lakini bei yake, kaka! Na chumba cha kulala mji mgeni. Amedunduliza kwa sindano miaka na miaka haifiki. Mara ghafla Mungu akafungua." Mzee akapangusa jicho. "Anasema kuna watu wawili wa Bacolod, wema kupita kiasi, walimchangia. Hata hakuwaomba sana."

Boldo alikaa kwenye kiti chenye utepe. Alitoa simu, akapiga namba aliyopewa na Donya. Hakutegemea ijibiwe. Ikajibiwa.

"Wewe mama ni tapeli!" alifoka.

"Subiri kidogo, mwanangu," ilijibu sauti ile ile. "Wananipima kichwa, wananichora na kalamu. Upande wa kushoto, kumbe. Haya, sema."

"Wanawake ishirini wako wapi?"

"Hawakuwepo. Ulitaka nichukue wagonjwa ishirini niwatie mlonge na draya? Nina dhambi, lakini si za namna hiyo."

"Na vidonge ulivyomwaga kwenye sinki yangu?"

"Pipi za mnanaa. Vidonge vyangu halisi ninavimeza mpaka leo. Daktari anasema nisiviache, nivitumie na mashine pamoja."

Boldo alifumba macho. Matusi yote aliyoyapanga yalikuwa pale, kwa mstari, yakisubiri zamu. Lililotoka lilikuwa lingine, na alilisema akiwa amempa Osang mgongo.

"Manang Vising, na mtu ambaye moyo unamdunda alfajiri, mikono inatetemeka, aanze na lipi?"

Sauti ya mama ilishuka.

"Tangu lini?"

"Mwezi sasa."

"Aanze na daktari, Boldo. Wa kweli. Wengi kidonge kinawatosha, na mtu wa kuzungumza naye. Kinachelewa, wiki tatu nne, na mwanzoni kinaweza kuvuruga tumbo, asikate tamaa akakitupa. Sumaku ni ya sisi tuliogomewa na vidonge. Haivurugi tumbo, ila inaumiza kichwa kidogo, na unaifuata kila siku ya Mungu. Na hata yenyewe hawanipi ahadi, wanasema tujaribu."

"Na gharama?"

"Ya kidonge ni ndogo. Ya sumaku unaijua, umelipa wewe. Nakwenda, wananiita." Akakata.

"Amesemaje?" Osang aliuliza. Macho yalikuwa mekundu na pua ilikuwa imevimba.

"Amesema anachorwa kichwa."

"Pete zangu, Boldo. Pete ya mama yangu." Na hapo Osang, ambaye hakulia siku ya ndoa wala ya talaka, akaangua kilio katikati ya mahema.

Manong Porfirio alikuwa amesimama nyuma yao akisikiliza kwa uso wa mtu anayejumlisha moja na moja. Alimtazama Boldo na suti yake, akamtazama Osang na machozi yake, akazitazama funguo mbili za shaba.

"Kumbe ni nyinyi!" alipaza sauti. "Jamani, acheni kazi kidogo! Njooni! Hawa ndio wale wawili! Hawa ndio waliomlipia Manang Vising!"

Vijana waliteremka kwenye ngazi za mahema. Wanawake waliacha utepe. Mpishi alikuja na kisu chake mkononi, akisema mke wake alivaa gauni alilolishona Vising siku ya ndoa yao, akawakatia ngozi ya nguruwe ile nyekundu ya kwanza, isiyopewa mtu kabla ya bibi arusi. Bibi mmoja alimkumbatia Osang akimwambia usilie mwanangu, wema una malipo, na Osang akazidi kulia. Kisha mtu akaanza kupiga makofi, na bustani nzima ikafuata.

Boldo alisimama. Alifunga kifungo cha koti, akasafisha koo, akaweka mkono kifuani.

"Ndugu zangu," alisema kwa sauti ile laini, "tulitoa tulichokuwa nacho."

Lilikuwa neno la kweli, na huenda ndiyo sababu lilimpa taabu kulitamka.